Boma limefika lenta: pesa ya kumalizia itoke wapi?

Ukizunguka vijiji vya Tanzania hutakosa boma, yaani jengo la shule au zahanati lililoishia njiani. Kuta za tofali za kuchoma zimesimama, lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) imemwagwa, nondo zimechomoza juu zikiwa zimeshika kutu, na mahali walipotakiwa kukaa wanafunzi pameota magugu yanayofika kiunoni. Mengi ya maboma haya yametokana na sera mbili: sekondari kwa kila kata, iliyoshika kasi kuanzia mwaka 2006, na Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) wa 2007 hadi 2017, uliolenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Utaratibu ulizoeleka: wananchi wapandishe kuta, Serikali ipaue. Wananchi walipandisha. Kupaua ndiko kumekuwa hadithi ndefu.

Makala haya ni ya wajumbe wa halmashauri za vijiji, kamati za ujenzi na yeyote atakayenyoosha mkono siku ajenda ya kumalizia boma itakapofika mkutanoni. Kwa kawaida njia zinazotajwa ni nne: michango ya wananchi, mapato ya kijiji chenyewe, mapato ya ndani ya halmashauri ya wilaya, na Mfuko wa Jimbo (fungu la Serikali kwa kila jimbo la ubunge). Ukisikiliza mijadala utaona watu wanapima kitu kimoja tu, wapi kuna pesa nyingi. Mimi naona hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: pesa ikipotelea njiani, nani atasimama mbele yenu kujibu, na mtamshika kwa karatasi gani?

Vipimo

Kila njia nitaipima kwa mambo manne. Nani anatoa kauli ya mwisho. Pesa inafika lini na kwa ukubwa gani. Mzigo unamwangukia nani. Na hesabu zinasomwa wapi.

Kabla ya yote, pateni makadirio kutoka kwa mhandisi wa halmashauri ya wilaya, siyo kutoka kwa fundi wa pale pale kijijini, hata kama ndiye aliyepandisha kuta na ni mtu mnayemwamini. Bila karatasi ile mtabishana kuhusu kitu msichokijua bei. Ili mpate picha tu: kwenye miaka ya 2021 na 2022 Serikali ilikuwa ikituma Sh milioni 12.5 kumalizia boma la darasa moja na Sh milioni 50 kumalizia boma la zahanati, na madarasa mapya 15,000 ya fedha za UVIKO-19 yalipangiwa Sh milioni 20 kila moja. Bei za saruji na bati hazijakaa pale zilipokuwa, lakini mnaona kimo cha mlima.

Michango ya wananchi

*Nani anaamua.* Mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura 287, inaupa mkutano huo kauli ya juu kabisa katika mambo ya kijiji, na unatakiwa kukaa angalau mara moja kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, inapendekeza. Mkutano ndio unaopitisha.

Hapa pana kitu ambacho viongozi wengi hukipita mbio. Mchango uliopitishwa kwa makofi haujawa sheria. Ili kijiji kiweze kumdai mtu na kumtoza faini, inatakiwa sheria ndogo ya kijiji iliyojadiliwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na baraza la madiwani. Bila hiyo, mgambo anayeingia uani kwa mtu na kuondoka na kuku, sufuria au baiskeli hana mguu wa kusimamia, na mwenye kuku akienda kwa mkuu wa wilaya mtarudisha kuku na aibu juu. Kwa shule pana ziada: baada ya elimu bila malipo kuanza mwaka 2016, na hasa baada ya Rais Magufuli kupiga marufuku michango ya lazima shuleni Januari 2018, mwalimu mkuu hakusanyi. Anayetaka kuchangia anapitia kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya, na mtoto hafukuzwi darasani kwa sababu mzazi hajatoa.

*Lini na kiasi gani.* Pesa ya kwanza inaweza kuonekana ndani ya wiki, hasa baada ya mavuno. Lakini fanyeni hesabu. Tuchukue kijiji cha kaya 400, kila kaya Sh 10,000. Kwenye karatasi ni milioni 4. Ondoa wazee wasiojiweza, wagonjwa, kaya za TASAF (mfuko wa Serikali wa kusaidia kaya maskini), waliohamia mashambani hadi mwisho wa msimu, na wale wa "nitatoa kesho" ambao kila kijiji kinawajua kwa majina. Kitakachobaki hakipaui darasa. Nguvu ya njia hii iko kwenye jasho: mchanga, mawe, kokoto, kusomba tofali, kuchimba shimo la choo. Vitu hivyo vikithaminiwa vizuri na kuandikwa, huwa sehemu kubwa ya gharama ambayo kijiji hakikulipa kwa fedha.

*Mzigo.* Kila kaya kiasi kile kile, awe mwenye ng'ombe 60 au mjane mwenye robo eka. Wazee wanaokumbuka kodi ya kichwa, ile kodi ya maendeleo iliyofutwa mwaka 2003, hawaoni tofauti kubwa, na sioni wanakosea wapi. Halafu kuna mzigo usioandikwa popote. Maji ya kumwagilia zege na tofali hubebwa na kina mama, ndoo kwa ndoo, kutoka kisimani, alfajiri, kabla hawajaenda shamba. Kamati ikikaa kugawa kazi, wanaume huandikiwa "siku za nguvukazi" na maji yanahesabiwa kama yamejileta. Andikeni na ndoo.

*Hesabu.* Hakuna njia iliyo karibu zaidi na nyie. Mtunza hazina anakaa nyumba ya tatu, daftari mnalijua, na mapato na matumizi husomwa mkutanoni kila robo mwaka. Ubaya wake ni huo huo ukaribu. Kumuuliza shemeji mbele ya watu "zile mifuko kumi ya saruji ziko wapi" kunahitaji kifua. Stakabadhi kwa kila shilingi, akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, na nakala ya hesabu kwenye ubao wa ofisi ya kijiji vinapunguza haja ya kifua hicho.

Inawafaa wenye kazi iliyobaki ndogo, kijiji kinachoaminiana, na mwaka wa mavuno mazuri.

Mapato ya kijiji chenyewe

*Nani anaamua.* Halmashauri ya kijiji inaandaa, mkutano mkuu unapitisha. Kijiji kilichosajiliwa kinatambulika kisheria, kinaweza kumiliki mali na kuingia mkataba. Mtaa wa mjini hauna hadhi hiyo, kwa hiyo wasomaji wa mjini ruka sehemu hii bila kinyongo.

Vyanzo vyenyewe ni kodi ya eneo la mnara wa simu, vibanda vya gulio, shamba la kijiji, machimbo ya mchanga au mawe, na kwa wenye bahati, msitu. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, kuuvuna kwa mpango na kubaki na mapato. Wilayani Kilwa, kijiji cha Nanjirinji kimeuza magogo ya msitu wake wenye cheti cha kimataifa cha usimamizi bora na mapato yakaingia kwenye majengo ya huduma za kijiji. Ni mfano ninaoutaja mara nyingi kwa sababu watu hudhani kijiji hakiwezi kuwa na chanzo isipokuwa mifuko ya wakazi wake.

*Lini na kiasi gani.* Inategemea mnunuzi au mpangaji. Mnara unalipa kwa mwaka, kidogo na kwa uhakika. Magogo yanaweza kuleta mamilioni kwa mkupuo, lakini baada ya mpango wa usimamizi, vibali na mnunuzi anayelipa kweli.

*Mzigo.* Leo unamwangukia mnunuzi, kesho unawaangukia wajukuu kama msitu umekatwa kuliko unavyoota. Na ardhi ni jambo la kuwekea breki. Kuna vijiji vilivyomaliza zahanati kwa kumkabidhi mwekezaji mashamba, kisha watu wakakosa pa kulima. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haiwaruhusu mwenyekiti na mtendaji kumaliza jambo hilo wawili. Mkikuta mkataba wa ardhi usio na muhtasari wa mkutano mkuu, ushikieni bango.

*Hesabu.* Husomwa pale pale kama michango, ila hisia ni tofauti. Aliyetoa Sh 10,000 yake hukumbuka kuiuliza. Pesa ya magogo haijatoka mfukoni kwa mtu, kwa hiyo mkutanoni hupita kimya kirefu kuliko inavyostahili.

Inawafaa vijiji vyenye rasilimali ambayo tayari ina mpango na mnunuzi. Kuanzisha chanzo kipya ili kumalizia boma la mwaka huu ni kuchelewa. Anzisheni kwa ajili ya boma lijalo.

Mapato ya ndani ya halmashauri

*Nani anaamua.* Baraza la madiwani, kwa sheria ya fedha za serikali za mitaa, Sura 290. Lakini ombi linapanda ngazi nyingi kabla ya kulifikia: mkutano mkuu, halmashauri ya kijiji, Kamati ya Maendeleo ya Kata ambako diwani ndiye mwenyekiti, wataalamu wa wilaya, kamati ya fedha, ndipo baraza. Kisha bajeti inakwenda mkoani, TAMISEMI (ofisi inayosimamia serikali za mitaa) na Bungeni. Katika kila ngazi kuna ukomo wa bajeti, na kuna maboma ya wenzenu.

Watu wengi huiona pesa hii kama hisani ya mkurugenzi. Siyo. Ni ushuru wa mazao mliokatwa mlipouza gunia, ushuru wa huduma unaolipwa na makampuni, leseni, ada za minada na vibali. Mmeshachangia tayari. Ndiyo maana nakereka nikisikia kiongozi akisema "tumeomba msaada halmashauri".

*Lini na kiasi gani.* Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na mipango ya vijiji hukusanywa miezi mingi kabla. Mkichelewa mpaka Machi, mnazungumzia mwaka wa fedha unaofuata, na hata mkiingia kwenye kitabu cha bajeti, kuingia siyo kupata. Pesa inatoka kadiri makusanyo yanavyoingia. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Mkulima alipumua, halmashauri za vijijini zikakaza mkanda. Msimu wa 2018/19, Serikali ilipoingia kununua korosho kwa Sh 3,300 kwa kilo, halmashauri za Lindi na Mtwara zilibaki zikisubiri ushuru wao. Kodi ya majengo nayo, ambayo zamani ilikuwa mkononi mwa halmashauri, mwaka 2021 ilianza kukatwa kwenye LUKU (malipo ya umeme kabla ya matumizi), ikienda Serikali Kuu kwanza.

Katika kinachobaki kuna mgawanyo usiogusika. Asilimia 10 ni ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Miongozo ya bajeti inataka kila halmashauri ipeleke sehemu ya makusanyo kwenye maendeleo, na zenye makusanyo makubwa zipeleke sehemu kubwa zaidi. Kwa hiyo halmashauri ya wilaya yenye zao moja la biashara na Jiji la Dodoma haziwezi kujibu ombi lenu kwa namna moja. Ulizeni makusanyo ya halmashauri yenu ya mwaka uliopita kabla hamjajenga matumaini.

*Mzigo.* Umesambaa kuliko njia zote. Kampuni inayolipa ushuru wa huduma inambebea mjane wa robo eka. Kwa kipimo cha haki, hii ndiyo ninayoipenda.

*Hesabu.* Karatasi zipo nyingi: kitabu cha bajeti, taarifa za robo mwaka mbele ya baraza, ukaguzi wa CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) unaokabidhiwa kwa Rais kila mwisho wa Machi na kuwekwa mezani Bungeni, na LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, inayowaita wakurugenzi. Ila mjibuji yuko mbali. Mkutano wa baraza uko wazi kwa wananchi, lakini nauli ya kwenda na kurudi makao makuu ya wilaya ni siku nzima ya kibarua. Silaha yenu ni diwani, na silaha ya diwani ni muhtasari. Diwani anayesimama barazani akiwa na muhtasari wa mkutano mkuu, orodha ya mahudhurio yenye saini na makadirio ya mhandisi anasikilizwa tofauti na yule anayesema "wananchi wangu wanalia".

Inawafaa wenye mradi mkubwa unaohitaji watumishi na vifaa baada ya jengo, na wanaoweza kusubiri mzunguko mmoja wa bajeti bila kuta kubomoka.

Mfuko wa Jimbo

*Nani anaamua.* Kamati ya jimbo chini ya sheria ya mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo ya mwaka 2009. Mwenyekiti ni mbunge, katibu ni afisa mipango, na wapo madiwani na watendaji wa kata. Maombi yanatakiwa yatoke kwa wananchi kupitia kata. Kisheria kamati ndiyo inayoamua. Mtaani kila mtu husema "mbunge katupa mabati".

*Lini na kiasi gani.* Mara moja kwa mwaka, na kwa kawaida ni makumi ya mamilioni kwa jimbo zima, yakigawanywa kwa kata zote. Robo ya fungu la taifa hugawanywa sawa kwa majimbo yote, sehemu iliyobaki hufuata idadi ya watu, umaskini na ukubwa wa eneo. Mfuko ni wa kuchochea, kama jina lake, hivyo unapenda kazi iliyokwisha kuanzwa: bandali kadhaa za mabati, mifuko ya saruji, mbao za kenchi. Msiulinganishe na ule wa Kenya, uliozaliwa 2003 na kutengewa asilimia 2.5 ya mapato ya Serikali. Na huko kwenyewe Mahakama ya Juu iliibatilisha sheria ya 2013 ya mfuko huo, Agosti 2022, moja ya hoja ikiwa wabunge kuvaa kofia ya mtunga sheria na ya mtekelezaji kwa pamoja.

*Mzigo.* Ni kodi ya taifa zima, haimuumi mtu wa kijiji moja kwa moja. Gharama yake ni ya kisiasa: kata iliyompa mbunge kura chache huhisi inarudishwa nyuma ya foleni, iwe kweli au si kweli.

*Hesabu.* Fedha hupita kwenye halmashauri na CAG anazikagua. Kijijini, hata hivyo, vifaa hufika kwenye lori na mara nyingi bila karatasi. Hesabuni bati moja moja, andikeni geji, tarehe na aliyeleta, kisha mtendaji na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi watie saini.

Inawafaa wenye pengo moja dogo linaloonekana, hasa paa.

Mkichanganya njia

Wengi mtachanganya, na ni sawa. Gawanyeni kwa kifaa, msigawanye kwa asilimia. Mchanga na maji wananchi, mabati jimbo, milango, sakafu na lipu halmashauri. Mkisema "kila upande atoe theluthi", bati moja litakuja kuwa na risiti tatu na hamtajua nani alinunua nini.

Kulingana na hali yenu

Limebaki jambo dogo, labda milango miwili na lipu: changeni, na mmalize kabla ya masika. Kuomba bajeti kwa kazi hiyo kutawachukulia muda mrefu kuliko kazi yenyewe.

Kuta ziko wazi na mvua zinakaribia: ulizeni kwanza kamati ya jimbo inakaa lini. Kama imeshapita, funikeni vichwa vya kuta kwa chochote mlicho nacho na mpeleke ombi la paa halmashauri.

Ni zahanati: msikimbilie kumaliza kwa michango hata kama pesa ipo. Jengo lisilo kwenye mpango wa halmashauri halina muuguzi, halina dawa, na halina usajili. Pitieni halmashauri hata mkibaki na kazi ya kusomba mawe tu.

Mwaka ni wa njaa: simamisheni michango ya fedha kwa azimio la mkutano, ijulikane imesimama hadi lini. Ikiachwa ining'inie, ndipo deni la mtu linapogeuka fimbo.

Mapato na matumizi hayajasomwa kwa muda mrefu: msikusanye hata senti mpya. Muiteni mkaguzi wa ndani wa halmashauri, zisomwe za zamani, ndipo ajenda ya boma irudi.

Uchaguzi Mkuu umekaribia: Bunge likishavunjwa kiti cha mwenyekiti wa kamati ya jimbo hakina mtu, na madiwani wako kwenye kampeni. Ahadi zitakuwa nyingi jukwaani. Fungu lililokwishapitishwa kwenye bajeti ndilo la kufuatilia, kwa mkurugenzi, kwa maandishi.

Mko kwenye mtaa wa mjini: hamna sheria ndogo wala mali, lakini mkutano mkuu wa mtaa mnao na halmashauri yenu huenda inakusanya kuliko wilaya kadhaa za vijijini kwa pamoja. Pelekeni muhtasari kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata mapema, Oktoba au Novemba, na mwenyekiti wa mtaa abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.